Mpiga Besi wa Chumba cha Pampu

Mtu anayepiga gitaa la besi peke yake chumbani ni wa kuonewa huruma, hata kama mwenyewe hajui. Mwenye gitaa la kawaida ana wimbo mkononi, na mwenye tarumbeta ana wimbo mdomoni. Mwenye besi ana dum, kisha dum nyingine, na jirani anayemsikia kupitia ukutani anadhani kuna mtu anahamisha vitanda.

Fundi Pampu alipiga hivyo kwa miaka ishirini na minane.

Jina hilo alipewa kazini, likamfuata hadi mtaani, hata watoto wa jirani hawakujua kama ana jingine. Alifanya kazi katika kituo cha kusukuma maji, nyumba ndefu ya matofali yenye pampu tatu kubwa zilizonguruma usiku na mchana. Kila saa alizizunguka akiwa na bisibisi ndefu. Ncha yake aliigusisha kwenye kifuniko cha beringi, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kwa njia hiyo aliisikia beringi iliyoanza kuchoka wiki mbili kabla haijapiga kelele ya kusikiwa na watu wengine. Siku moja wahandisi walikuja na vipimo vyao, wakapima, wakasema pampu ya pili ni nzima kabisa. Yeye akasema haitafika mwisho wa mwezi. Haikufika. Hakuna aliyempa hata ahsante, kwa sababu mji mzima huamka na kupiga kelele maji yanapokatika. Yasipokatika, watu hudhani yanakuja yenyewe, kama asubuhi.

Aliishi katika vyumba viwili alivyoachiwa na mama yake. Gitaa alilipata likiwa limeshatumika na mtu mwingine hadi rangi imeliwa pale mkono unapopita, na halikuwa na amplifaya. Gitaa la besi la umeme lisilo na amplifaya ni kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Lakini mapema tu aligundua kwamba ukiegemeza pembe ya gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo, kabati zima linaitikia. Basi kila jioni alikaa kwenye kigoda, bega limelalia kabati, makoti na mashati ndani yakitetemeka, naye akapiga.

Dada yake mkubwa, aliyekuja kila Jumapili kukagua kama jikoni kuna chakula, alikuwa na neno lake moja.

“Wenzako wameoa wanawake, wewe umeoa kabati.”

“Kabati haligombi, dada.”

“Na halipiki.”

“Napika mwenyewe.”

“Ndiyo maana umebaki mifupa.”

Alikuwa akicheka anaposema hivyo, kisha akishafika mlangoni anamwangalia mdogo wake kwa muda mrefu kuliko utani unavyohitaji, anaondoka. Nyumba ikarudi kuwa kimya, na kimya cha nyumba ya mtu mmoja kina uzito wake. Hata kijiko kikianguka unakiomba radhi.

Aliyemtia katika mambo hayo ni mpiga besi wa bendi moja ya roki iliyojulikana kama Tufani, mtu aliyeitwa Nguzo. Fundi Pampu alimwona mara moja tu katika maisha yake, akiwa na miaka kumi na tisa, katika uwanja wa chuo cha ufundi. Vijana wote walikuwa wamekaza macho kwa mwimbaji, bwana mmoja mwenye suruali nyekundu aliyejiita Jogoo, ambaye aliruka kana kwamba jukwaa lina moto. Nguzo alisimama nyuma kabisa, karibu na drams, nusu ya mgongo kaigeuzia hadhira, macho kayapeleka chini kwenye mguu wa mpiga drams. Hakutabasamu wala kuinua kichwa. Kijana yule wa chuo hakujua chochote kuhusu muziki, ila alihisi kitu kikimgonga kifuani, akatafuta kinakotoka, akagundua kwamba kinatoka kwa yule mtu asiyetazamwa na yeyote. Akamtazama yeye tu hadi mwisho. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kutazamwa. Hakuwahi kujua kwamba watu wa aina yake nao wana mahali pao kwenye jukwaa.

Baada ya siku ile alitafuta kaseti ya Tufani, akaipata moja, akatafuta gitaa, akajifunza. Mwalimu wake alikuwa redio kaseti iliyokaa juu ya kabati. Wimbo aliousoma kuliko zote uliitwa “Mlango wa Nyuma.” Ulikuwa mzito, wa polepole, wa majonzi, na maneno yake yalivutwa hadi nusu hayakushikika, naye aliyaelewa kuwa ni ya mtu anayeingia kazini kwa mlango wa nyuma kila siku hadi anazeeka. Jogoo aliuimba kwa sauti nene iliyotoka tumboni, na Fundi Pampu alijiuliza kwa nini mtu mwenye sauti kama pipa aitwe Jogoo. Alidhani ni utani tu, kama vile mfupi anavyoitwa Twiga.

Kabla ya kuanza kupiga, aliweka kaseti, akasikiliza sauti ya kwanza, akalinganisha uzi wake nayo. Kila baada ya miezi kadhaa aliona nyuzi zake zimepanda kidogo, akazilegeza. Alisema ni joto; nyuzi zinajikaza. Miaka ikaenda, akawa anazilegeza tu. Mara chache redioni waliupiga wimbo ule, nao wakaupiga mbio mbio, kwa sauti nyembamba. Hilo nalo alilijua sababu yake: watu wa redio wanaziharakisha nyimbo ili wapate nafasi ya matangazo. Akazima, akarudi kwa kaseti yake, kwenye wimbo wa kweli.

Mama yake alipougua, miaka miwili kitandani, chumba chao kiligawanywa kwa pazia. Yeye alipiga upande huu, mama akalala upande ule.

“Piga ule wa huzuni,” mama alikuwa akisema.

“Si utakuliza, mama?”

“Acha unilize. Kulala macho makavu siku nzima kunachosha.”

Alipofariki, watu walikuja, walikaa, waliondoka. Fundi Pampu akabaki na Nguzo. Hakuwa mwendawazimu, alijua kwamba ni kaseti. Lakini mtu ambaye umekaa naye kila jioni, umefuata kila hatua ya vidole vyake hadi unajua anapovuta pumzi, utamwita nani kama humwiti mwenzako?

Habari za kifo cha Nguzo alizisoma katika gazeti la juzi yake, kwenye kantini ya kituo. Mistari mitatu. Alikuwa karani wa ghala la saruji kwa miaka mingi baada ya bendi kuvunjika, na gazeti likamtaja kama “mmoja wa wapiga gitaa” wa bendi ya Jogoo. Mmoja wa wapiga gitaa. Hata hawakuandika kwamba ni besi. Fundi Pampu aliusoma mstari ule mara nne, chai ikapoa, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya haki. Kila wimbo wanaoucheza watu hapa duniani umebebwa na mtu aliyesimama gizani, kama vile kila nyumba yenye maji inavyobebwa na mtu mwenye grisi mikononi, na siku ya kufa mtu huyo magazeti hayapati hata nafasi ya kutaja kazi yake sawasawa.

Wiki mbili baadaye Jogoo alisikika redioni. Tufani, wale waliobaki, wangekutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi kumkumbuka mwenzao. Yeyote aliyejifunza besi kwa kumsikiliza Nguzo aje Jumanne kwenye mazoezi. Atapiga wimbo mmoja na bendi.

Fundi Pampu alikaa. Kisha akasimama, akakaa tena. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa maisha yake yote hajawahi kupiga hata noti moja na binadamu aliye hai. Akabadilishana zamu na mwenzake, ambaye alimuuliza kama anaumwa, maana hajawahi kuomba ruhusa.

Jumanne walimkuta amefika kabla ya mwenye funguo za ukumbi. Ndani waliingia watatu: Jogoo, sasa mzee mwenye miwani na skafu, mpiga solo, aliyekuwa fundi saa siku hizi, na mpiga drams, mama mnene mwenye hatua nzito, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye wenzake walimwita Kishindo tangu usichana.

“Shikamoo mama,” Fundi Pampu alisema.

“Marahaba baba. Wewe ndiye mwanafunzi wa Nguzo?”

“Hakunijua.”

“Hakujua watu wengi. Ingia.”

Walingoja nusu saa waje wengine. Hakuja mtu. Jogoo alichungulia nje mara tatu, akarudi akisema barabara zina foleni, na wote wakakubali kwamba ni foleni. Hatimaye wakamwambia achomeke gitaa. Alishika waya akauzungusha mkononi.

“Unaingia upande gani?”

Mpiga solo alimtazama. “Hujawahi kuchomeka?”

“Nyumbani natumia kabati.”

Hawakucheka, kwa sababu hawakujua pa kuanzia. Wakamchomekea. Jogoo akauliza wimbo gani, akasema “Mlango wa Nyuma,” na Mama Kishindo akanyanyua vijiti, akahesabu hadi nne, na wote wakaanza.

Kilichotokea hakikudumu hata sekunde kumi. Bendi iliondoka kama basi na Fundi Pampu akabaki kituoni. Wao walikuwa mbio na juu. Yeye alikuwa polepole na chini, sauti zake zikigongana na zao kama watu waliokutana mlangoni na mizigo. Akasimamisha mkono. Nao wakasimama.

“Ndugu yangu,” Jogoo alisema, kwa sauti nyembamba inayopasua, sauti ya jogoo hasa, “gitaa lako limelala.”

Mpiga solo alisogea, akagusa uzi mmoja, akagusa wa kwake, akasikiliza. “Liko chini mno. Nyuzi zimelegea hadi unaweza kuanikia nguo. Nani alikupangia hizi?”

“Nguzo mwenyewe,” Fundi Pampu alisema. “Napanga kwa kaseti.”

“Kaseti ya lini?”

“Tangu chuo. Na redio ni ile ile.”

Fundi saa akafumba macho kidogo, kama daktari aliyeshaupata ugonjwa. “Kaka, ndani ya redio kaseti kuna mkanda wa mpira. Unazeeka, unalegea, kaseti inazunguka polepole. Ikizunguka polepole, kila kitu kinashuka. Sauti, mwendo, kila kitu. Wewe umekuwa ukishuka nayo.”

Hapo wakacheka. Kilikuwa kicheko kisicho na ubaya, lakini kicheko hata kikiwa chema, anayechekwa ni mmoja. Jogoo akatoa simu, akaupiga wimbo wenyewe kama ulivyorekodiwa. Ukatoka mwepesi, wa haraka, gitaa likirukaruka, na kijana mwenye sauti kali akiimba kwa furaha juu ya mtu anayeponyoka kazini kwa mlango wa nyuma ili awahi kucheza. Ulikuwa wimbo wa dansi. Ulikuwa wimbo wa kutoroka.

Fundi Pampu alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa imening'inia. Mtu awezaye kuisikia beringi inayochoka wiki mbili kabla hakuusikia huu mpira mdogo miaka ishirini na minane, kwa sababu alilinganisha vitu viwili tu, gitaa na kaseti, na vitu hivyo viwili vilikubaliana siku zote. Alimfikiria mama yake nyuma ya pazia, akilia kwa wimbo wa dansi.

“Samahani,” akasema, akaanza kuchomoa waya.

“Ngoja,” Mama Kishindo alisema. “Usikimbie. Upige wimbo kama unavyoujua wewe. Peke yako.”

Akapiga, kwa sababu alikuwa amezoea kutii watu waliomzidi umri. Ukumbi ulikuwa mtupu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka kwenye spika na si kwenye makoti. Ilijaa, ikashuka sakafuni, ikapanda kwenye viti. Alipomaliza, mpiga solo alikuwa ameinamisha kichwa na Jogoo amevua miwani.

“Hiyo ndiyo,” Jogoo alisema. “Hiyo ndiyo tunayoitaka Jumamosi. Tunafunga mapazia, taa zote tunazima, tunaacha moja tu. Wewe katikati, peke yako. Watu watalia, nakwambia. Sisi tunakaa pembeni.”

“Nilikuja kupiga na bendi,” Fundi Pampu alisema.

“Na bendi huwezi, kaka. Umeona mwenyewe. Hii ni bora zaidi. Hii ni yako.”

Akajibu kwamba atafikiri. Njiani alifikiri, na alichofikiria ni kwamba amepewa kitu ambacho wapiga muziki wengi wangeuza nyumba ili wakipate, naye anahisi kama mtu aliyekwenda kutembelea wenyeji akaambiwa aketi barazani, chakula ataletewa huko.

Jioni ile alianza kukaza nyuzi. Alizikaza taratibu akifuata noti ambayo mpiga solo alimnasia kwenye simu kabla hawajaachana, na kila mzunguko ulilia kama kitanda cha zamani. Uzi mwembamba kuliko zote ulifika karibu, ukakatika, ukamchapa kwenye kiganja. Zikabaki tatu. Alipojaribu kupiga kwa mwendo wa kweli, vidole vilikataa. Noti zilikuwa tisa kwa kila mzunguko wa wimbo. Alizijua zote usingizini, lakini alizijua kwa mwendo wa kutembea, na sasa zilitakiwa kukimbia. Jumatano alijaribu saa nzima kabla ya kazi na saa tatu baada yake. Ncha za vidole zikavimba. Akiweka kaseti, Nguzo alikuwa chini kule, na yeye alikuwa juu huku, wala hawakukutana tena.

Alhamisi alimtafuta Mama Kishindo nyumbani kwake. Alimkuta sebuleni anakunja nguo zilizokauka, rundo limemfika kifuani.

“Umekuja kusema hutaki,” mama yule alisema kabla hajamkaribisha kiti.

“Nataka kupiga. Sitaki kupiga peke yangu.”

“Jogoo ameshawaambia watu wa redio juu yako. Amekutia chumvi kidogo. Ati umeishi pangoni.”

“Nimeishi nyumbani, na dada yangu anakuja Jumapili.”

“Basi ni pango lenye mgeni.” Akasogeza nguo pembeni. “Noti ngapi unaweza kuzifikisha kwa wakati?”

“Nne. Labda.”

“Kati ya tisa.”

“Ndiyo mama.”

“Zitoe hizo tano. Zitupe, usiziangalie nyuma. Nguzo alipiga tisa kwa sababu alikuwa na vidole vya miaka ishirini na mbili na msichana wa kumvutia pale mbele. Siyo mimi, usiniangalie hivyo.” Akavuta mto wa kochi, akaweka magotini, akachukua vijiko viwili vya mbao. “Angalia mguu wangu. Usinitazame usoni, usoni mimi hukasirika nikipiga, ukiniangalia utaogopa. Mguu ukishuka, na wewe shuka. Basi. Ukipotea, nyamaza, usubiri mguu.”

Wakapiga hivyo sebuleni, yeye bila amplifaya wala kabati, sauti ya gitaa ikiwa ndogo kama ya nzi kwenye chupa, mama akigonga mto kwa vijiko na sakafu kwa kisigino. Alipotea. Akasubiri mguu. Akaingia tena, akapotea tena. Mara ya sita au ya saba walifika mwisho pamoja, na Fundi Pampu akabaki ameinama palepale akitazama kisigino kilichosimama.

“Alikuwa mtu wa namna gani?” akauliza.

Mama Kishindo aliweka vijiko chini. “Muoga. Watu walisema ana maringo kwa sababu hawatazami. Alikuwa anaogopa watu, mwanangu, hadi tumbo linamuuma kabla ya kila onyesho. Aliniambia akitazama mguu wangu anasahau kwamba wapo.” Akarudia kukunja nguo. “Angekusikia unavyopiga ile yako ya polepole, angekucheka. Halafu angekukazia nyuzi mwenyewe.”

Jumamosi ukumbi haukujaa. Viti vilikuwa vingi kuliko watu, na wengi wa watu walikuwa na mvi. Mjane wa Nguzo alikaa safu ya kwanza na wanawe wawili, mkoba umebanwa mapajani. Dada yake Fundi Pampu alikuja na kitambaa kipya kichwani, akakaa nyuma, kwa sababu alisema anataka kuwa karibu na mlango kama mambo yataharibika. Mpiga besi wa kukodi alizipiga nyimbo za mwanzo vizuri, bila kosa, akatoka.

Jogoo akashika kipaza sauti. Alizungumza kwa hisia kuhusu mtu mmoja anayefanya kazi na pampu, aliyejifunza peke yake kwa miaka karibu thelathini, na jinsi muziki wa Nguzo ulivyobadilika mikononi mwake ukawa maombolezo. Mapazia yakavutwa. Taa ikaachwa moja, duara jeupe katikati ya jukwaa.

Fundi Pampu alipanda, akaliona duara lile, akalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Akaenda nyuma, akasimama kando ya drams.

Jogoo alimfuata, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. “Kaka, mahali pako ni pale.”

“Tupige wote.”

“Hatukukubaliana hivyo. Watu wanasubiri. Mjane wake anasubiri. Hii ni heshima kwa Nguzo.”

“Peke yangu nimeshapiga,” Fundi Pampu alisema. Hakusogea. “Miaka yote hiyo nimepiga peke yangu. Yeye hakunifundisha hivyo. Nilimwona kwa macho yangu, alisimama hapa.”

“Utaanguka mbele ya watu.”

“Akianguka ataangukia kwangu,” Mama Kishindo alisema kutoka nyuma ya drams. “Washa taa, Jogoo, watu wazima hawa wataumia macho.”

Taa zikawashwa. Mpiga solo, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alikuwa ameshachomeka. Vijiti vikahesabu hadi nne.

Alitazama mguu. Ulikuwa mguu mnene, wenye kiatu cheusi kisicho na kisigino, kamba ya upande mmoja imechanika na kufungwa upya. Ulishuka, naye akashuka. Ukashuka tena. Alipiga noti nne mahali pa tisa kwenye nyuzi tatu mahali pa nne, na katikati ya noti hizo kulikuwa na nafasi kubwa, na katika nafasi hizo alisikia kitu ambacho hajawahi kukisikia kabatini: watu wengine. Gitaa la solo lilipita juu yake kama mtu anayevuka daraja bila kuangalia chini. Jogoo aliacha kununa na kuanza kuimba. Kwenye ubeti wa pili Fundi Pampu alipotea; mkono uliomba kutembea, mwendo wake wa zamani, ukachelewa. Akanyamaza. Mguu ukashuka kwa nguvu zaidi, mara mbili, kana kwamba unagonga mlango, na akaingia. Hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja safu ya tatu alisimama, akaanza kucheza kwa mabega, na mkewe akamvuta koti ili akae, kisha mwenyewe akasimama.

Wimbo ule ulichukua dakika tatu na kidogo. Kwa mwendo wa kaseti yake ulikuwa wa karibu nne. Alishangaa kwamba umeisha.

Makofi yalimwendea Jogoo, na Jogoo akayapokea, maana alikuwa na kipaji hicho pia. Mjane aliwashika mikono wote mmoja mmoja. Alipofika kwa Fundi Pampu alisema ahsante kwa kuja, akaendelea mbele. Dada yake alimkuta chini ya jukwaa.

“Sikukusikia,” alisema. “Nasema kweli, nilitega masikio hadi mwisho. Wengine wote niliwasikia. Ulikuwa unapiga?”

“Nilikuwa napiga.”

“Mbona sikukusikia?”

Akamtazama dada yake, akataka kumweleza, akaona ni habari ndefu kwa mtu anayewahi basi. “Ungesikia kama ningeacha,” akamwambia tu.

Dada akamsawazisha kola, akasema yule mama wa drams ana mikono kama ya mwashi, akaondoka.

Kulikuwa na vyombo vya kubeba. Hakuna aliyemuuliza kama atasaidia, mpiga solo alimwonyesha upande wa pili wa spika kwa kidevu, wakainyanyua, wakashuka nayo ngazi kinyumenyume, yeye mbele, wakiambiana “kushoto kidogo” na “angalia ukingo.” Walirudi mara tano. Gari la Jogoo lilijaa hadi mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba, na walipomaliza kupanga drams ilionekana wazi kwamba kuna nafasi ya watu watatu, na watu watatu walishaingia.

“Unaelekea wapi?” Jogoo aliuliza kupitia dirishani.

“Huku huku tu. Nitatembea.”

“Vidole vyako,” Mama Kishindo alisema. “Nionyeshe.” Akavitoa. Viwili vilikuwa vimepasuka, na damu imekauka kwenye kucha. “Maji ya uvuguvugu na chumvi. Na usiguse gitaa siku tatu.”

“Sawa mama.”

“Siku ya nne utafute uzi ule wa nne.”

Gari likaondoka. Alisimama ukingoni mwa barabara hadi lilipokata kona, kisha akaanza safari, gitaa mgongoni kwenye mfuko wake wa turubai. Watu walikuwa wakirudi makwao, wengine na mikate kwapani, wengine wakigombana kuhusu mpira. Alipishana nao, wakamwomba njia, akawapa. Vidole vilimpwita kila hatua, vyote viwili kwa pamoja, na alipofika kwenye makutano aligundua kwamba anatembea kwa mwendo ule wa haraka, akapunguza ili avuke.